Namna ya Kuutambua, Kuupima na Kuupunguza Mwani Unaochafua Mito na Milango Yake: Mwongozo kwa Wakazi wa Ghuba ya Winam

Mto Nyando huanzia kwenye vilima vya Nandi na Tinderet, ukapita katika mashamba ya chai na miwa, ukakata tambarare za Kano na mashamba ya mpunga ya Ahero, kisha ukamwaga maji yake ya kahawia katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Ghuba hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,400, kina chake kwa sehemu kubwa ni mita chache tu, na njia yake ya kutokea ziwani ni mlango mwembamba wa Rusinga. Chochote kinachoteremka na mito ya Nyando, Sondu-Miriu au Kisat hakipati nafasi ya kutawanyika haraka. Hukaa humo, kikatulia, kikawa chakula cha mwani.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wanaoishi na maji hayo kila siku: wavuvi na vikundi vyao vya kusimamia fukwe (BMU), wakulima wa kandokando ya mito, walimu wenye klabu za mazingira, na kaya zinazochota maji ufukweni. Mkazi wa Mwanza, Musoma au Entebbe anaweza kuufuata karibu wote kama ulivyo. Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba ugonjwa huonekana mlangoni mwa mto ilhali chanzo chake kiko kilomita nyingi juu, na kwa hiyo anayepima ufukweni na anayelima mlimani hawana budi kufanya kazi moja.

Kijani hicho hutoka wapi

Mwani ninaouzungumzia si ule unaolimwa Zanzibar na kuanikwa kwa ajili ya kuuzwa, bali ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Walio hatari zaidi miongoni mwao ni bakteria wa kijani-buluu, hasa jamii ya Microcystis, ambao wana vifuko vya hewa vinavyowawezesha kupanda juu kufuata mwanga. Viumbe hao wapo katika maji yote kwa kiasi kidogo. Huzidi kupita kiasi pale maji yanapokuwa na joto, yametulia, na yamejaa naitrojeni na fosforasi.

Katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, fosforasi ndiyo yenye neno la mwisho mara nyingi. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo la majaribio katika jimbo la Ontario, Kanada, kwa pazia lililozamishwa hadi chini. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, na upande wa pili wakatia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande uliopata fosforasi ulifunikwa na kijani, na ule mwingine haukubadilika vile. Baharini na kwenye milango ya mito ya mwambao hali ni tofauti kidogo, kwa sababu huko naitrojeni huwa na uzito mkubwa zaidi, hivyo mkazi wa Malindi au Pangani azingatie zote mbili kwa usawa.

Hesabu ifuatayo inafaa kufanywa hadharani katika baraza la wakulima. Kilo moja ya fosforasi ina uwezo wa kuzalisha takriban kilo 500 za mwani mbichi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una takriban kilo 10 za fosforasi. Mfuko mmoja ukisombwa wote, basi, unatosha kulisha tani 5 za mwani. Kwa kweli mfuko haupotei wote, lakini fosforasi hushikamana na chembe za udongo, na kila mto unapogeuka kahawia baada ya mvua, ujue kwamba mbolea ya mtu, pamoja na fedha aliyoinunulia, inateremka ziwani. Chanzo cha pili ni sisi wenyewe: mtu mmoja hutoa takriban nusu kilo ya fosforasi kwa mwaka kupitia haja zake, na choo kinachofurika wakati wa masika huipeleka yote mtoni.

Kuutambua

Nenda ufukweni asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kuvuma kutoka ziwani, kwa maana utando hujikusanya juu katika maji tulivu na huvurugwa mawimbi yanapoanza. Usitie mkono majini. Chukua kijiti kirefu, kipitishe kwenye utando, kisha kiinue. Kikitoka kimepakwa kijani chote, kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekutana na bakteria wa kijani-buluu. Kikitoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia, huo ni mwani wa nyuzi, ambao hukera wavuvi kwa kuziba nyavu lakini kwa kawaida hauna sumu. Kikitoka na vijani vidogo vyenye mizizi, huo ni mmea wa kawaida wa majini.

Kwa uhakika zaidi, vaa glavu, jaza chupa ya kioo isiyo na rangi hadi robo tatu, ifunge, na uiweke mahali penye ubaridi bila kuitikisa hadi kesho yake. Mwani wa kawaida huzama chini au hubaki umetawanyika. Bakteria wa kijani-buluu hupanda na kuacha pete nzito juu ya maji. Jaribio hili halikuambii kama sumu imo, kwa kuwa aina ile ile huweza kuwa na sumu wiki hii na isiwe nayo wiki ijayo; linakuambia tu kwamba lazima uchukue tahadhari na kupeleka sampuli maabara.

Tahadhari kabla ya yote

Sumu inayotolewa na Microcystis huitwa maikrosistini na hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya maji yenye sumu hii kutumika katika mashine za kusafishia damu. Agosti 2014, wakazi zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo nchini Marekani waliambiwa wasinywe maji ya bomba, na pia wasiyachemshe. Naomba neno hilo la mwisho lisomwe mara mbili, kwa sababu sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuchemsha huondoa kila dhara. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa hilo kunabaki kuwa lazima, lakini maikrosistini haivunjwi na joto la sufuria. Chembe za mwani ndizo hupasuka na kuiachia sumu iliyokuwa ndani. Dawa ya klorini ikitiwa kwenye ndoo yenye maji ya kijani huleta tatizo hilo hilo.

Wakati wa utando, basi, chota maji kwenye kisima au bomba lililo mbali na ufuko, au vuna maji ya mvua. Kama hakuna njia nyingine, ingia kwa mtumbwi hadi mahali ambapo maji hayana kijani, na uchote chini ya uso wa maji, kisha chuja kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kuchemsha. Kuchuja huondoa sehemu ya chembe zikiwa bado nzima. Hakuondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka, kwa hiyo njia hii ni ya dharura tu. Ng'ombe na mbwa wasinywe penye utando, na watoto wasiogelee. Mtu aliyegusa maji hayo akawashwa ngozi, au aliyeyanywa akatapika na kuharisha, aende zahanati na aeleze waziwazi kwamba maji yalikuwa ya kijani, kwa sababu tabibu asipoambiwa hatafikiria hilo.

Kuhusu samaki, sumu hukusanyika zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye minofu. Sato na sangara waliotolewa matumbo vizuri na kuoshwa kwa maji safi wana hatari ndogo. Dagaa, au omena kama wanavyoitwa Kisumu, huliwa wazima pamoja na matumbo yao, kwa hiyo wasivuliwe ndani ya utando wala kuoshwa kwa maji hayo kabla ya kuanikwa.

Kupima kwa zana unazoweza kutengeneza

Zana ya kwanza ni kisahani cha kupimia uangavu wa maji, ambacho hubeba jina la Angelo Secchi, padre wa Kiitalia aliyekitumia mwaka 1865. Chukua kifuniko cha ndoo ya plastiki na ukikate kiwe duara lenye upana wa sentimita 20. Kigawanye robo nne, upake mbili zinazokabiliana rangi nyeusi na mbili nyeupe. Toboa katikati, pitisha kamba isiyovutika, na ufunge kipande cha chuma au jiwe chini yake ili kizame kikiwa kimelala sawasawa. Weka alama kwenye kamba kila baada ya sentimita 10.

Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ukiwa upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha kisahani polepole hadi kipotee machoni, uandike kina hicho. Kishushe kidogo zaidi, kisha kipandishe hadi kionekane tena, uandike kina cha pili. Wastani wa vina hivyo viwili ndio kipimo chako. Katika Ghuba ya Winam usishangae ukikuta kina hicho hakifiki mita moja. Namba ya siku moja haina maana kubwa. Thamani yake hutokana na kupimwa mahali pale pale, saa ile ile, mwezi baada ya mwezi, na ikiwezekana na mtu yule yule, kwa kuwa macho hutofautiana.

Kuna tatizo moja ambalo kisahani peke yake hakiwezi kulitatua, nalo ni kwamba mlangoni mwa Nyando maji yanaweza kuwa mazito kwa udongo na si kwa mwani. Mimina lita moja ya maji juu ya kipande cha kitambaa cheupe kilichosukwa kwa karibu, uache kikauke kivulini, kisha ukitazame. Doa la kahawia ni udongo, la kijani ni mwani. Vipande hivyo vikibandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe hugeuka kuwa kumbukumbu ambayo hata mtu asiyejua kusoma takwimu ataielewa, na katika mikutano ya kijiji huwa na nguvu kuliko jedwali lolote.

Zana ya pili ni macho ya alfajiri. Mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Samaki wakionekana wanahema juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi na wametulia saa tisa alasiri, umepata dalili ya wazi hata bila kipima-oksijeni. Wafugaji wa samaki wa vizimba wana sababu zaidi ya kuwa macho. Novemba 2022 wafugaji wa Kaunti ya Kisumu walipoteza samaki wengi sana vizimbani kwa ukosefu wa oksijeni. Kizimba kiwekwe penye kina na mkondo wa maji, na chakula kitolewe kwa kipimo, kwa maana chakula kinachozama bila kuliwa ni mbolea nyingine.

Iwapo mnataka kujua ni wapi hasa uchafu unaingilia mtoni, chukueni sampuli tatu kwa siku moja: moja juu ya mahali mnapopashuku, ya pili pale mfereji au bomba linapoingia, na ya tatu mita mia kadhaa chini yake, ambako maji yamekwisha kuchanganyika. Anzeni na ya chini, mkipanda kwenda juu, ili tope mnalolitibua kwa miguu lisiingie kwenye chupa zinazofuata. Chupa isioshwe kwa sabuni ya unga, kwa kuwa sabuni nyingi zina fosfeti na mabaki yake yataharibu kipimo; isuuzwe mara tatu kwa maji ya mto huo huo, mdomo wake uelekezwe mkondo unakotoka, kisha ijazwe chini ya uso wa maji. Andikeni lebo kabla ya kujaza, maana karatasi iliyolowa haiandikiki. Wekeni chupa kwenye kasha lenye barafu na giza, mzifikishe maabara ndani ya saa 24. Siku bora kuliko zote ni ile ya mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi, mto unapoanza kupanda, kwa sababu wakati huo ndipo mashamba, barabara na vyoo huachia kwa mkupuo kila kilichokusanyika. Anayepima siku za kiangazi peke yake atapata mto unaoonekana msafi, na hesabu yake itakuwa ya uongo bila yeye kukusudia.

Kuuzuia huko unakoanzia

Utando ukishajitokeza hakuna njia nzuri ya kuuondoa. Wapo wanaouza dawa za shaba za kuulia mwani. Zisitumike katika maji yanayonywewa, kwa sababu chembe zikifa kwa pamoja huachia sumu yote kwa mara moja na kuoza kwake hunyonya oksijeni iliyobaki. Kazi yenye faida ni ya shambani, na hapa nawasihi wakulima wasome bila kudhani kwamba wanalaumiwa, kwa sababu kila hatua ninayoitaja huwapunguzia gharama wao kwanza.

Pimeni udongo kabla ya msimu. Mashamba mengi hupewa DAP mwaka hadi mwaka kwa mazoea tu, hata pale fosforasi ilipokwisha kutosha. Mbolea ya kupandia iwekwe ndani ya shimo kwa kipimo cha kifuniko cha soda, ifunikwe kwa udongo, isitapanywe juu. Mbolea ya kukuzia, kama CAN au urea, igawanywe mara mbili badala ya kutiwa yote siku moja, na isitiwe kamwe wingu likiwa limekaza. Kwa mkulima wa mpunga, maji yasifunguliwe kutoka majarubani siku chache za mwanzo baada ya kutia mbolea, kwani kufanya hivyo ni kuimwaga mferejini. Rundo la samadi liwekwe mbali na kijito, kwenye kiinuko, na lifunikwe kwa turubai au majani ya migomba.

Kwenye mteremko, fanya juu ndiyo njia tuliyoirithi na bado haijapata mbadala ulio rahisi: mtaro huchimbwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, udongo hurushwa upande wa juu, na nyasi za napia hupandwa juu ya tuta hilo ili zishike udongo na kulisha ng'ombe. Kandokando ya mto, acheni ukanda usiolimwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo, na kanuni za maji nchini Kenya zimekuwa zikitaja kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Najua kwamba kwa mwenye ekari moja mita 30 ni sehemu kubwa ya riziki ya watoto wake. Basi na apande humo nyasi za kukata, mianzi au miti ya matunda badala ya mahindi, mradi jembe lisiingie kila msimu. Mizizi itazuia udongo na yeye hatakosa mavuno.

Chini kabisa, mlangoni, mlinzi wa mwisho ni mafunjo. Vinamasi vya mafunjo vya Nyando na Dunga hupunguza kasi ya maji, udongo ukazama humo, na mashina yakafyonza virutubisho yanapokua. Yasichomwe wala kufyekwa ili kupata shamba la msimu mmoja. Kuyavuna kwa ajili ya mikeka na vikapu ni jambo jema, kwa sababu kila mzigo unaotolewa huondoka na naitrojeni na fosforasi iliyomo ndani yake, lakini yakatwe mashina yaliyokomaa tu, kwa zamu, na mizizi iachwe. Gugumaji nalo likivunwa lirundikwe mbali na ufuko ligeuzwe mboji. Likiachwa lioze ukingoni hurudisha majini kila lilichokuwa limekifyonza.

Mijini, jambo linalowezekana mara moja ni kuhamisha uoshaji wa magari na nguo kutoka ufukweni hadi mahali ambapo maji ya sabuni hayarudi ziwani. Vyoo vya tambarare zinazofurika vijengwe juu ya msingi ulioinuliwa, na mashimo yanyonywe kabla ya masika, si baada yake.

Kutoa taarifa na kuendelea kupima

Mnapoona utando mkubwa au samaki waliokufa, pigeni picha zinazoonyesha ukingo ili mahali pajulikane, andikeni tarehe, saa, mwelekeo wa upepo na mvua ya mwisho ilinyesha lini, kisha mpeleke taarifa kwa BMU na afisa wa afya ya umma siku hiyo hiyo. Nchini Kenya nakala iende NEMA (mamlaka ya mazingira), Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ofisi ya KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) mjini Kisumu. Nchini Tanzania iende NEMC (chombo cha taifa cha mazingira), Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi). Taarifa iseme mlichokiona na mlichokipima, isimtaje mtu wala kampuni kuwa mkosaji kabla ya matokeo ya sampuli za juu na chini kulinganishwa, kwa sababu tuhuma isiyo na kipimo hupuuzwa kwa urahisi, na huharibu nafasi ya taarifa inayofuata.

Msitegemee maji yabadilike msimu ule ule mliopanda nyasi. Tope la chini ya ghuba limehifadhi fosforasi ya miaka mingi na litaendelea kuiachia maji yanapokosa oksijeni au yanapovurugwa na upepo, hata kama mito itakuwa imeanza kusafika. Mabadiliko ya kwanza yatafuteni mtoni na si ghubani: linganisheni vipande vya kitambaa vya mvua ya kwanza ya mwaka huu na vya mwaka uliopita, mahali pale pale. Kwa hiyo chagueni mapema vituo vitatu hivi ambavyo mtaweza kuvifikia hata wakati wa mafuriko, mteue watu wawili kwa kila kituo ili mmoja akisafiri mwingine awepo, na daftari litunzwe shuleni au katika ofisi ya BMU, mahali ambapo mkulima anayetoka juu Muhoroni na mvuvi wa Dunga wanaweza kulifungua wote wawili.